Je, Wajua? Jua la Bafwasende na Bei ya Usiku Mmoja wa Mwanga

Je, wajua kwamba Bafwasende iko digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, na kwa hiyo usiku wake haurefuki wala haufupiki? Mwezi wowote wa mwaka, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu jioni, kisha giza hukaa karibu saa kumi na mbili. Mnunuzi wa sola wa huku ana nafuu ambayo mtu wa Ubelgiji hana: usiku wa Juni na usiku wa Desemba vinahitaji mwanga uleule. Kinachobadilika ni mawingu peke yake.

Je, wajua kwamba katika Kongo nzima ni takriban mtu mmoja kati ya watano anayepata umeme, na kwamba vijijini idadi hiyo hushuka hadi karibu mmoja kati ya mia? Kisangani ina bwawa lake kwenye Mto Tshopo, lililoanza kuzalisha umeme katika miaka ya 1950, lenye mitambo 3 na uwezo wa takriban megawati 18. Nyaya zake haziji Bafwasende. Kati ya miji hii miwili kuna zaidi ya kilomita 250 za Barabara ya Taifa Namba 4, na msitu pande zote mbili. Eneo la Bafwasende peke yake ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda. Nguzo za kulifikia kila boma hazitasimamishwa kesho, na mtoto anayesoma hawezi kuzingoja.

Je, wajua kwamba seli ya kwanza ya silikoni iliyofaa kazi ilionyeshwa Marekani tarehe 25 Aprili 1954, katika maabara za kampuni ya simu ya Bell, na ilibadilisha asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme? Paneli nzuri za leo hufika asilimia 20 na kupita. Bei nayo imeporomoka. Katikati ya miaka ya 1970 wati moja ya paneli iligharimu zaidi ya dola 100 kwa thamani ya pesa ya siku hizi; kufikia 2024 viwanda vya China vilikuwa vikiiuza kwa senti kumi hivi. Usafiri, forodha na faida za njiani huongeza bei hiyo mara kadhaa kabla haijafika sokoni Kisangani. Hata hivyo, ukweli mmoja umebaki nao watu wengi bado hawajauzoea: paneli si tena kitu ghali katika nyumba ya sola. Pesa huliwa kwingine.

Kwingine wapi?

Kwenye betri. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo familia nyingi hupoteza akiba yao.

Je, wajua kwamba betri ya gari haikutengenezwa kuwasha taa usiku kucha? Bamba zake za risasi ni nyembamba na nyingi, ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache tu za kuwasha injini, kisha ijazwe upya palepale. Ukiikamua usiku hadi taa zififie, halafu kesho ukairudia, bamba hizo huharibika, na baada ya miezi michache unabaki na sanduku zito lisiloshika chaji. Betri ya asidi iliyotengenezwa kwa ajili ya sola huvumilia zaidi, lakini nayo ina sharti lake: tumia nusu tu ya kilichomo. Iliyoandikwa ampea-saa 100 kwa volti 12 inabeba wati-saa 1,200, lakini wewe unayemiliki una haki ya 600. Ukizidisha, unakula umri wake.

Je, wajua kwamba betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma, ambazo lebo zake huandikwa LFP au LiFePO4, hazina kobalti hata punje? Kongo ndiyo inayoupa ulimwengu sehemu kubwa ya kobalti yake, karibu asilimia 70, lakini betri inayoifaa zaidi nyumba ya Mkongo ni ile isiyoitumia. Ilitokana na utafiti uliotangazwa katika miaka ya 1990 kutoka kundi la John Goodenough huko Texas. Mzee huyo alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, akiwa na miaka 97, pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino, kwa kazi yao ya betri za lithiamu. Betri ya LFP hukubali kutumiwa hadi asilimia 80 ya uwezo wake kila usiku, na huhimili mizunguko 2,000, 3,000, nyingine hata zaidi. Nyingi za asidi zinazouzwa dukani huchoka baada ya mizunguko 400 hadi 600, tena zikitunzwa.

Sasa tupige hesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Weka za kwako. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 kwa dola 120, ikikupa usiku 500, ni senti 24 kwa usiku. Betri ya LFP ya ampea-saa 50 kwa dola 200 inakupa karibu wati-saa 500 zinazotumika, kidogo tu chini ya ile ya kwanza, lakini kwa usiku 3,000: ni kama senti 7 kwa usiku. Anayeangalia bei ya dukani ataondoka na ya dola 120 akidhani ameokoa 80. Kabla ya miaka minane kuisha atakuwa amenunua sita za namna hiyo. Swali la kuuliza dukani si "hii ni bei gani?" bali "hii itanipa usiku ngapi?" Muuzaji asiyeweza kulijibu hajui anachouza.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa mjini halifikirii. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Ya LFP yenye uwezo huohuo ni kilo 10 hadi 12. Ipakie kwenye pikipiki kutoka Kisangani wakati wa mvua na utaona tofauti. Ile yenye asidi ya majimaji, ikilala ubavu kwenye matope, humwagika, na safari imeshaanza kuila kabla haijawasha taa hata moja.

Uzito huohuo ni mizani ya kupimia uongo. Betri "ya asidi, ampea-saa 100" unayoinyanyua kwa mkono mmoja bila jasho haina risasi ya kutosha ndani. Na zile betri ndogo za lithiamu za duara za kwenye tochi, aina ya 18650? Teknolojia ya leo huzipa takriban ampea-saa tatu na nusu, yaani miliampea-saa 3,500 hivi. Ukiona imeandikwa 9,900, weka chini uende zako.

Je, wajua kwamba paneli inaweza kukaguliwa kwa futi ya fundi cherehani? Jua la utosini, bila wingu, huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paneli nzuri hunasa sehemu moja ya tano. Kwa hiyo wati 100 za kweli zinahitaji karibu nusu mita ya mraba: sentimita 100 kwa 50 hivi. Kipande chenye ukubwa wa daftari hakiwezi kutoa wati 100 hata kikiwekwa juu ya Kilimanjaro, lebo yake iseme isemavyo.

Uongo wa lebo si jambo jipya. Kenya, ambako Harold Burris na Mark Hankins walifunga sola katika Shule ya Sekondari ya Karamugi Harambee huko Meru mwaka 1984, soko lilikua haraka mno. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walizipima paneli ndogo za silikoni isiyo ya fuwele zilizokuwa zikiuzwa kwa wingi. Baadhi ya chapa zilitoa nguvu karibu sawa na zilivyoandikwa, nyingine zilikuwa chini kabisa. Mnunuzi hakuwa na njia ya kuzitofautisha kwa macho. Leo njia ipo. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 2007, ulizaa utaratibu wa kupima taa na seti ndogo za sola maabarani. Tangu 2020 kazi hiyo inaendeshwa kwa jina la VeraSol, na orodha ya bidhaa zilizofaulu iko wazi kwenye intaneti. Mwenye simu ya kisasa anaweza kuisoma akiwa amesimama mbele ya duka. Fanya hivyo bila haya, ni pesa yako.

Je, wajua kwamba paneli ya wati 250 inaweza kukupa wati 110 tu, nayo ikawa nzima kabisa? Paneli kubwa zilizokwisha tumika Ulaya, zenye seli 60, hufanya kazi kwa takriban volti 30. Zikiunganishwa na betri ya volti 12 kupitia kidhibiti chaji cha bei rahisi, kile cha PWM, volti hukatwa hadi ya betri na ampea hubaki zilezile 8. Zaidi ya nusu ya ulichonunua hakifiki kwenye betri. Tiba ni mbili: nunua kidhibiti cha MPPT, ambacho hugeuza volti za ziada kuwa ampea, au chagua paneli ambayo nyuma yake volti ya kufanyia kazi imeandikwa 18 hivi, hiyo ndiyo saizi ya betri ya volti 12, na kidhibiti rahisi kinaitosha. Kwa nyumba ndogo naipendelea njia ya pili. Kwa zahanati au shule, MPPT hurudisha gharama yake upesi. Ukiwa na betri ya LFP, hakikisha pia kidhibiti kina mpangilio wa lithiamu.

Je, wajua kwamba waya mwembamba ni mwizi? Mzigo wa wati 100 kwa volti 12 huvuta ampea 8 na zaidi. Kwenye waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, kwa umbali wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, utapoteza karibu volti 2 kati ya 12. Badilisha uweke wa milimita 4, upotevu hushuka hadi volti 0.7 hivi. Bora zaidi, weka betri karibu na taa, na usiupitishe waya kuzunguka nyumba nzima kwa ajili ya kupendeza. Halafu ukwangue kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa.

Je, wajua kwamba inveta inaweza kula kuliko familia? Kile kisanduku kinachogeuza volti 12 kuwa 220 huvuta umeme hata pasipo kitu kilichochomekwa. Nyingi za bei nafuu hula wati 8 hadi 10 zikiwa zimekaa bure. Ukiiacha imewashwa usiku na mchana, zimekwenda karibu wati-saa 200 au zaidi. Taa za volti 12 zipo, chaja za simu za volti 12 zipo, hata televisheni za volti 12 zinazotumia wati 15 hadi 20 zipo. Nyumba inayotaka taa, redio na simu haihitaji inveta kabisa.

Nyumba hiyo inahitaji nini basi? Taa 4 za LED za wati 5, saa 5 kila jioni: wati-saa 100. Redio ya wati 5 kwa saa 6: 30. Simu 3 za kisasa, kila moja karibu 20: jumla 60. Zote pamoja ni 190. Katika anga yenye mawingu ya Tshopo, jimbo la Bafwasende, hesabu kama unapata saa 4 za jua kamili kwa siku, kisha ondoa asilimia 30 kwa joto, vumbi na upotevu wa njiani: paneli ya wati 100 inabaki na 280. Inatosha, na ziada ipo ya kujazia baada ya siku mbaya. Ukitaka usiku wa pili uwe na mwanga hata mvua ikishinda ikinyesha, betri iwe ya LFP ya ampea-saa 40, au ya asidi isiyopungua 65. Mengine yote ni mapambo, isipokuwa friji na pasi. Pasi ya wati 1,000 isahau. Ya mkaa ingali na kazi. Friji nayo ni mfumo mwingine kabisa, wenye hesabu yake.

Je, wajua kwamba taa nyeupe ya LED ilisubiri miaka mingi kwa sababu rangi ya buluu ilikuwa imekosekana? Nyekundu na kijani zilikuwepo zamani. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipata LED angavu ya buluu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2014 wakapewa Nobel ya fizikia. Bila wao, hesabu ya wati-saa 190 isingewezekana: wati 5 za LED hutoa mwanga ambao balbu ya zamani iliutoa kwa wati 40.

Mafuta ya taa? Mwanga wake ni hafifu, moshi wake hukaa kifuani mwa watoto, na chupa haijai tena bila pesa. Betri za tochi nazo hutupwa kila wiki. Jumlisha matumizi hayo kwa mwezi mmoja, ongeza malipo ya kuchajisha simu sokoni. Ukiona jumla hiyo ni ndogo kuliko ulivyodhani, usikope kununua seti kubwa: taa moja ya sola iliyopimwa, yenye tundu la kuchajia simu, itakufaa kwanza.

Je, wajua kwamba tawi moja linaweza kuzima nusu ya paneli? Seli zimeunganishwa mfululizo, na kivuli kwenye moja huzizuia nyingine. Bafwasende, mahali pa miti mirefu, hili ni jambo la kuamua kabla ya kupanda paani. Iangalie sehemu unayotaka kuweka paneli saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Nyumba ikiwa imeezekwa kwa majani, simamisha mti imara uwanjani mahali peupe na uifunge paneli juu yake. Ikiwa ni mabati, acha nafasi ya upana wa kiganja chini ya paneli ili upepo upite: kila digrii juu ya 25 hupunguza nguvu kwa karibu asilimia 0.4, na paneli iliyolala juu ya bati hufika digrii 60 bila shida.

Mwelekeo wake? Kwenye ikweta hausumbui. Iinamishe digrii 10 hadi 15, mvua iioshe bure.

Je, wajua kwamba mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani? Uchambuzi wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela nafasi ya kwanza na Kabare, Kivu Kusini, ya pili. Fremu ya paneli iunganishwe na fimbo ya chuma iliyozama ardhini, na ngurumo zikikaribia chomoa simu na televisheni.

Je, wajua kwamba kampuni ya Altech, iliyoanza kuuza taa za sola Kongo mwaka 2013, iliundwa na Washikala Malango na Iongwa Mashangao, vijana wa Fizi waliokulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma? Walijua giza kwa kuliishi. Ununuzi wa kulipa kidogo kidogo kwa simu nao ulienezwa na M-KOPA huko Kenya kuanzia 2012. Ni njia nzuri kwa asiye na pesa taslimu, ila ina swali lake: malipo ya kila siku zidisha kwa siku zote za mkataba, ongeza kianzio, kisha linganisha na bei ya taslimu. Tofauti hiyo ndiyo gharama ya mkopo. Wakati mwingine inastahili, hasa dhamana ikidumu muda wote wa malipo.

Na si lazima kila nyumba iwe na mtambo wake. Sheria namba 14/011 ya Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na tangu hapo kampuni binafsi zinaweza kuzalisha na kusambaza umeme. Kampuni ya Nuru ilianza na mtandao mdogo wa sola Beni mwaka 2017, kisha Februari 2020 ikazindua Goma mtambo wa megawati 1.3. Mji kama Bafwasende wenyewe, wenye maduka, hospitali na shule vilivyokaribiana, ungefaa kwa mtandao wa namna hiyo kuliko vijiji vilivyotawanyika kando ya barabara. Naandika hili kwa viongozi wa Tshopo wasome.

Je, wajua kwamba kidhibiti chaji cha ampea 20 kinapokea paneli mbili za wati 100? Kinunue hicho hata kama leo una pesa ya moja. Ya pili itaingia mwakani bila kubadilisha chochote. Betri usiiongeze kwa mtindo huo. Mpya ikifungwa pamoja na iliyochoka, ile iliyochoka huishusha mpya.

Iliyochoka kabisa nayo ni hatari ya peke yake. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichafua udongo na damu za watu kwa risasi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido aliyekiandama alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaifuta, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Basi betri ya asidi isipasuliwe uani ili kutoa risasi ya nyavu, wala asidi yake isimwagwe karibu na Mto Lindi au kisima. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ataipokea ikifa, na atakupunguzia kiasi gani kwenye mpya.